Imetosha Si Imekolea

Mwanaidi alinipigia simu asubuhi mapema, mie nikiwa jikoni kwangu Tegeta nakaanga vitunguu, na nilijua kabla hajafungua mdomo. Watu wa Temeke hawakupigii saa ile kukuuliza umeamkaje. "Da Sekela," akasema, "mama ametutoka." Nikakaa kwenye kigoda. Elia, mume wangu, alinikuta nimeishikilia ile simu kama mtu aliyepewa kikombe cha moto asijue pa kukiweka, naye akaelewa, akazima jiko maana vitunguu vilishaanza kuungua. "Inna lillahi," nilisema, mie mtu wa kwaya ya kanisani, kwa sababu kwa Bi Tatu hilo ndilo neno lililokuwa mahali pake, na Bi Tatu hakupenda maneno yasiyo mahali pake.

Tulimzika siku ile ile, alasiri. Nilikaa mkekani na wanawake wenzangu, katika nyumba ile ile niliyoijua, nikisikiliza wanavyomsifu. Walimsifu kweli, sina ugomvi nao. Lakini kila aliyefungua mdomo alisema chakula cha marehemu kilikuwa kitamu. Pilau yake tamu, maandazi yake matamu, hata chai yake tamu. Msichana mmoja, mjukuu wa jirani, akasema futari ya Bi Tatu ilikuwa tamu balaa. Nikanyamaza kwa heshima ya msiba, lakini roho iliniuma. Tamu! Mama wa watu kaishi umri wake wote akipigana na neno hilo, na siku ya kuzikwa ndilo wanalomtandikia. Nilitamani ainuke kidogo tu huko alikolazwa, awakaripie, kisha alale zake salama. Ndiyo maana nimeona niuandike mwaka ule mmoja niliokaa naye, kabla sijasahau, na kabla wajukuu zangu, ambao kwao msosi ama ni mkali ama uko poa, hawajanimaliza kabisa.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa ndoa. Elia alikuwa karani kwenye ofisi ndogo ya watu wa kutoa mizigo bandarini, kule Kurasini, na chumba tulichokimudu kilikuwa Temeke, nyumbani kwa Bi Tatu, mjane, mwenyeji wa palepale tangu mababu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya Kiswahili: ujia katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, na mwisho wa uani jiko la mabati lililopigwa moshi mpaka likawa jeusi ndani na nje. Chumbani kwetu kitanda kilikula karibu nafasi yote. Palipobaki tuliweka meza, jiko la mchina na ndoo ya maji, na ukitaka kugeuka ilibidi mwenzako atoke kwanza. Lakini udogo haukunisumbua. Kilichonisumbua ni kuta, maana hazikufika juu. Ziliishia chini ya paa, pakabaki uwazi ambao maneno yalipita yalivyotaka. Chumba cha Bi Tatu kilipakana na chetu. Akikohoa, tunamsikia. Tukinong'ona, ole wetu.

Na alichokuwa akikisikia zaidi ni habari za chakula changu. Mie natoka Tukuyu. Nyumbani kwetu chakula kilikuwa na hali mbili tu, kimeiva au hakijaiva, na ukishashiba unamshukuru Mungu unarudi shambani. Basi napika, naandaa, Elia anakaa. Anakula kimya. Baada ya tonge chache mkono wake unaelekea kwenye kopo la chumvi, polepole, kana kwamba umekwenda huko wenyewe bila yeye kuutuma. Ananyunyiza, anaendelea. Namwuliza, "Chakula kikoje, mume wangu?" Ananijibu, "Kizuri tu." Leo kizuri tu, kesho kizuri tu. Mpaka jioni moja, hajamaliza hata kulitamka, tukasikia sauti kutoka juu ya ukuta: "Kizuri tu! Ee Mola wangu, maskini bi arusi!" Kisha kicheko, kile cha mtu anayejiziba mdomo kwa khanga na khanga haitoshi. Elia alitaka tuhame kesho yake. Mie nilijifunika shuka gubigubi, nikacheka na kulia kwa pamoja. Tangu siku hiyo Bi Tatu hakuniita Sekela tena. Aliniita bi arusi mwaka mzima, hata wakati tumbo la ujauzito lilikuwa limenifika kidevuni.

Yeye alikuwa mpishi wa shughuli. Ukiwa na ndoa, au maulidi, au hitma, mitaa yetu ile ulikwenda kwake kwanza, ndipo upange siku. Watu hudhani mpishi lazima awe mnene. Bi Tatu alikuwa mrefu, mkavu, khanga moja kaifunga kifuani na nyingine kichwani, na sauti kubwa kuliko mwili. Kupika ndiko kulikomlisha tangu mumewe afariki, na ndiko kulikomsomeshea watoto, na akipita njiani watu walimpisha wakisema, "Huyo Bi Tatu wa sufuria." Alikuwa akilipenda jina hilo. Alijifanya halisikii, lakini mwendo ulibadilika.

Ramadhani ilitukuta tuna miezi michache pale. Mie kwa adabu niliyolelewa nayo nilikuwa najifungia chumbani mchana nikila, natafuna mkate taratibu nisisikike, na kuta zenyewe ndizo zile. Siku moja jua bado liko juu, mlango ukagongwa. Nikafungua huku mdomo umejaa. Bi Tatu kasimama mbele yangu, midomo imemkauka kwa saumu, mwiko mkononi.

"Shikamoo, Bi," nikasema, na mkate ukanipalia.

"Marahaba. Unajificha nini? Mfungo ni wangu, si wako. Meza hicho, halafu njoo huo mdomo uufanyie kazi."

Nikamfuata uani. Mwezi ule alikuwa anapika futari za kuagizwa, watu wanakuja na vyombo vyao jioni, na siku hiyo ilikuwa mihogo ya nazi, sufuria kubwa. Akaniambia wenzake huonja kwa ncha ya ulimi wakatema, na haina ubaya, ila yeye anaogopa, ulimi wake mlafi. Akanipa kijiko. Nikachota tui, nikapuliza, nikaonja.

"Tamu," nikasema.

"Tamu ni jibu la mgeni. Wewe mgeni humu?"

"Hapana, Bi."

"Basi niambie."

Nikafikiri. "Chumvi imetosha."

"Sikukuuliza imetosha. Nakuuliza, imekolea?"

Neno nililijua, nani asiyelijua, lakini nilidhani ni lile lile, mtu anachagua tu. Bi Tatu akainama kwenye sufuria, akatoa kipande cha muhogo kikubwa kuliko vyote, akakipasua kwa mwiko. "Ulichoonja ni tui," akasema. "Tui linasema uongo, linataka kukupendeza. Onja hapa, kwenye moyo wa muhogo." Nikaonja. Ndani palikuwa chapwa. Muhogo mtupu wa kuchemsha, uliovalishwa tui lenye chumvi kwa nje. Nikamwambia hivyo hivyo, na uso wake ukafunguka. "Eeeh! Sasa tunaongea. Imetosha, lakini haijakolea. Kutosha ni kazi ya mkono, unatia tu basi. Kukolea ni kazi ya kungoja." Akapunguza makaa, akafunika, tukakaa kwenye vigoda vyetu tukaingoja mihogo, yeye akipiga tasbihi, mie nikijilamba meno.

Tangu hapo nikawa nalisikia neno lile kila nilikopita, kana kwamba mtaa mzima ulikuwa unalificha na sasa umeacha. Wazee kwenye baraza wanaomba chai iliyokolea majani. Muuza khanga anasema rangi hii imekolea, mama, haitoki hata ukiifua kwa jiwe. Kwenye ngoma ya mtoto wa jirani, wanawake walikaa wanatazamana kwanza, wanapiga vigelegele vya uvivu, kisha mtu akasema ngoma imekolea, na kweli, hata mie wa kwaya nilikuwa nimeshasimama bila kujijua. Leo nikiwaza naona Bi Tatu alikuwa na haki ya kulilinda kwa wivu. Chai haikolei kwa kutiwa majani, inakolea ikishakaa nayo. Usingizi haukolei unapofumba macho. Na maneno unaweza kuambiwa ukayasikia vizuri sana, yasikukolee mpaka siku nyingine kabisa, uko mbali, unamenya ndizi. Hata maneno mengine ya mdomoni alinifundisha kwa kunilisha: alinipa ndizi mbichi niung'ate ukakasi, ulimi ukajikunja ukakataa kutoka, na alinipa embe changa nione ugwadu, ule unaokufumba jicho moja. "Usiseme kali," alikuwa ananiambia. "Kali ni mbwa. Sema kitu kinachokupata."

Halafu nikaharibu, na niliharibu kwa heshima. Alasiri moja ilikuwa magimbi. Nikapasua gimbi, nikaonja moyo wake, nikakuta chapwa. Lakini Bi Tatu alikuwa amesimama kwenye moshi tangu asubuhi, kaegemea nguzo, macho mekundu, saumu imemshika, na ananiuliza kwa uchovu ule, "Imekolea, bi arusi?" Kwetu mtu mzima hakosolewi chakula chake. Unakula, unashukuru, chumvi utaikuta mbele ya safari. Nikasema, "Imekolea, Bi." Akaepua, akapakua. Sahani moja ilikwenda nyumba ya pili upande wa pili wa njia, kwa Bi Kibibi, ambaye alikuwa shangazi wa kijana aliyemposa Mwanaidi, binti wa mwisho wa Bi Tatu. Harusi ilikuwa imepangwa baada ya Mfungo. Bi Kibibi mwenyewe alikuwa anapika shughuli mitaa ya nyuma, na hakuwahi kukubali kwamba Temeke ina mpishi mmoja.

Sasa, pwani sahani ya jirani hairudi tupu. Watu hutia chochote, tende, maandazi, hata ndimu mbili. Sahani yetu ilirudi kesho yake imeoshwa ikang'aa, na katikati yake pana kikaratasi cha gazeti kilichofungwa vizuri. Mwanaidi ndiye aliyeipokea. Akafungua, akakuta chumvi. Chumvi tupu, tena kidogo, ya kutosha sahani moja. Binti wa watu akaanza kulia pale pale ujiani, akisema ameshaaibika kabla hajaolewa. Bi Tatu akakichukua kile kikaratasi, akakitazama, akakifunga tena kama kilivyokuwa. Kisha akanigeukia.

"Bi arusi. Ulisema imekolea."

"Nilikuonea haya, Bi."

"Haya yako imerudi kwenye sahani."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza, nilishaizoea. Alikwenda akakaa jikoni peke yake, nami nikasimama mlangoni sijui niingie au nikimbilie Tukuyu. Baada ya muda akaniita bila kugeuka. "Ukitaka kuniheshimu," akasema, "niambie bado. Bado si tusi." Nilidhani ananisamehe kosa dogo la kijirani. Sikujua nimegusa wapi.

Nilijua asubuhi ya Idi. Wanaume wamekwenda kuswali, watoto wanakimbizana na nguo mpya, nyumba nzima inanukia karafuu na udi, na Bi Tatu ananiita nikaonje pilau. Nikacheka. "Bi, leo si umefungua? Onja mwenyewe!" Akauweka mwiko chini. Akaurudisha mlango wa bati, tukabaki gizani na moto. Akazungumza kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo. Aliniambia kwamba kabla ya Mfungo mafua makali yalimlaza, na yalipoondoka yaliondoka na mdomo wake. "Natia chumvi, siioni. Karafuu siisikii. Nimelamba ndimu, bi arusi, ndimu nzima, nikaona kama nalamba ubao." Hospitali walimwambia huenda itarudi, huenda isirudi, asubiri. Hakuwa amemwambia mtu, hata Mwanaidi. "Mpishi akishasemwa hana mdomo, anatolewa sufuriani anapewa vitunguu saumu amenye. Na huyo Bi Kibibi anangoja nikosee. Mie nimeapa pilau ya harusi ya mwanangu nitaipika kwa mikono yangu. Mikono ninayo. Mdomo unao wewe."

Niliogopa, nasema kweli. Nilimwambia mie sijui kupika, mume wangu anakula kwa kopo la chumvi, mtaa mzima unajua. Nikamwuliza kwa nini asimwite mmoja wa wenzake, watu waliokulia sufuriani.

"Wenzangu wana maneno mengi," akasema. "Watanipamba. Wewe maneno nimekupa mwenyewe, nayajua yote uliyonayo. Hebu onja."

Nikaonja. Kilikuwa kipande cha nyama, nikakipasua katikati kama alivyonifundisha, na kwa hofu hata ladha siisikii vizuri. Nikaonja tena. "Imekolea," nikasema. Akanitazama muda mrefu kwenye ule mwanga wa makaa. "Wallahi?" akauliza. "Wallahi," nikasema, na Mungu wangu anisamehe, sikujua kama naruhusiwa.

Basi majuma yaliyofuata nikawa naye kila shughuli. Watu waliona mpangaji kajipendekeza kwa mwenye nyumba, wakanicheka, nami nikawaacha wacheke. Nilikuwa napita karibu ya sufuria na kijiko changu, namwambia mambo kwa sauti ya kawaida, yeye anaamrisha kwa sauti kubwa kana kwamba ameyaona mwenyewe. Na pole pole, bila kukusudia, nikaanza kupika. Jioni moja nilimwandalia Elia maharage ya nazi. Nilikuwa nimeyangoja mpaka nikayapasua moja moja, na punje ilikuwa imekolea hadi katikati. Elia akala. Nikautazama ule mkono wake. Haukwenda popote. Akamaliza, akasogeza sahani, akasema kwa aibu kidogo, "Niongeze." Kisha juu ya ukuta: "Alhamdulillahi!" Safari hii Elia naye alicheka mpaka akashika mbavu, na hakutaja kuhama tena.

Ikafika siku ya harusi. Ndoa ilikuwa inafungwa msikitini baada ya swala ya adhuhuri, kisha watu waje kula. Uani kwetu palikuwa na masufuria makubwa juu ya mafiga, moshi, vigelegele, wanawake wamekaa makundi makundi wanachambua na kusemana. Supu ya nyama ilipokuwa tayari kupokea mchele nikaonja, nikakuta chapwa. Mtu kwenye zile pilikapilika aliambiwa atie chumvi akaitia sufuria nyingine. Nikamwambia Bi Tatu. Akatia, mpaka ikazidi kidogo, maana mchele ungeinywa. Mchele ukaingia, ukakauka, kifuniko kikawekwa, makaa juu yake. Mie nilijua tatizo liko wapi. Chumvi ile ilikuwa imeingia kwa kuchelewa. Wali ungeipata, lakini mapande yale makubwa ya nyama je?

Tukasikia kaswida njiani, wanaume wanarudi. Na hapo hapo Bi Kibibi akaingia uani, kavaa dera jipya, kijiko chake mwenyewe mkononi. Nani anaingia uani kwa watu na kijiko chake? "Haya jamani," akasema, "wageni wameshakaa. Tupakue, au tuwapigie hadithi?" Wanawake wakainuka, wengine wameshashika masinia. Akafunua sufuria kabla hatujamzuia, akachota wali wa juu, akaonja, akatingisha kichwa kama hakimu. "Chumvi imetosha. Pakueni."

Bi Tatu hakumtazama. Alinitazama mie. Macho yale nitayaona mpaka nakufa; yalikuwa yanauliza, na yalikuwa yanaogopa, na mtu mwingine yeyote pale angeyaona ni ya hasira tu. Nikachukua kijiko changu. Nikazamisha mpaka chini, nikatoa pande la nyama, nikalipasua, nikaonja katikati. Mie nani? Mpangaji, mtu wa bara, siijui hata dua ya kula. Kuchelewesha wageni wa bwana harusi ni aibu, na ni aibu ambayo Bi Kibibi angeitembeza nyumba kwa nyumba. Kusema imekolea kungenitoka kirahisi sana. Kulikuwa kumenikaa tayari mdomoni.

"Bado," nikasema.

"Bado nini?" Bi Kibibi akanirukia. "Wewe binti, watu wanangoja!"

Bi Tatu akajinyoosha, akawa mrefu kuliko wote. "Mmesikia," akasema. "Bado. Leteni makaa." Akamimina supu ya moto pembeni pembeni, akafunika, akapanga makaa upya juu ya kifuniko, na akawaambia vijana wapeleke sharubati kwa wageni na wasome kaswida nyingine, harusi haina haraka ya msiba. Tukangoja. Sijawahi kungoja kitu namna ile, hata mtoto. Mwanaidi alikuwa ndani kajifunika, anasikia kila kitu juu ya kuta zile. Nilipoonja tena, ile nyama ilikuwa imepokea: chumvi, bizari, mdalasini, vyote viko ndani na hakuna kinachopiga kelele. Nikasema, "Sasa imekolea," nikalia mbele za watu kama mama wa bi harusi.

Bi Kibibi alikula. Nilimwangalia wazi wazi, sikujificha. Alikula kimya, sinia likaisha mbele yake, kisha akamgeukia msichana aliyekuwa akigawa akasema, "Mwambie Bi Tatu anitilie na ukoko." Kwa mpishi kuomba ukoko wa mwenzake, hakuna sifa kubwa kuliko hiyo, na sote tulijua.

Mdomo wa Bi Tatu ulirudi kabla mwaka haujaisha, na ulirudi kwa sababu ya ulafi wangu. Nilikuwa mjamzito, nimekaa uani na embe changa, chumvi na pilipili, nakula kama mtu aliyefungiwa. Akaja akakaa karibu, akachukua kipande kwa ajili ya kunipa kampani tu, akang'ata. Jicho moja likafumba. Akaganda. "Ugwadu," akasema taratibu. Kisha akaruka kutoka kwenye kigoda, mtu mzima yule, khanga ya kichwani ikaanguka. "Ugwadu! Bi arusi, nauona! Nauona ugwadu!" Tukakumbatiana na maembe yetu, tukazunguka uani kama watoto, na majirani wakachungulia wakadhani tumepata urithi. Ladha nyingine zikarudi moja moja, kwa kusuasua, karafuu ikawa ya mwisho. Hata hivyo aliendelea kuniita jikoni. Siku moja nikamwambia, "Bi, mdomo si umesharudi?" Akanijibu, "Umerudi. Lakini nimezoea kuambiwa."

Nimeishi maisha mazuri, Mungu kanipa. Nimelea watoto, nimejenga Tegeta na Elia tofali kwa tofali, nimefundishwa mambo mengi na watu wengi, na ninawashukuru. Lakini mtu aliyenipa kijiko akaniambia sema kweli, halafu akaweka jina lake lote juu ya nitakachosema, ni mmoja tu. Katika ndoa yangu, mara nyingi ambapo ningesema kizuri tu nikalala na kinyongo, nimesema bado. Elia atakwambia. Amenuna mara nyingi, na yupo.

Hitma ilifanyika juzi. Nilifika Temeke mapema, nyumba sasa ina kuta zinazofika juu na dari nyeupe, lakini uani ni ule ule. Wajukuu wa Bi Tatu ndio waliokuwa wanapika, wasichana wenye simu kiunoni, wepesi, wanajua kazi. Kisomo kikaisha, wanaume wakawa wanangoja. Nilikuwa nimekaa pembeni na wazee wenzangu nilipomwona Mwanaidi, naye sasa ana mvi, anakuja moja kwa moja kwangu na kijiko.

"Da Sekela, simama," akasema. "Mama aliacha wosia. Hitma yake sufuria lisipakuliwe mpaka uonje wewe."

"Alikwambia?"

"Kitambo. Alinihadithia yote, nilipozaa mtoto wa kwanza. Alisema, siku ya harusi yako mie nilikuwa kipofu wa mdomo, na kuna mtu alinishika mkono."

Nikainuka na magoti yangu haya, nikaenda. Walifunua kifuniko, mvuke ukanipanda usoni, na nikashukuru kwa huo mvuke maana machozi yalishaanza. Nikazamisha kijiko mpaka chini, nikatoa pande la nyama, nikalipasua, nikaonja moyo wake. Wote walikuwa wananitazama, wamesimama na masinia, wananingoja niseme tamu, maana nani anasema kingine kwenye hitma?

"Bado," nikasema.

Msichana mmoja akaguna. Mwanaidi akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akacheka kile kicheko cha juu ya ukuta, akawageukia wanawe. "Mmesikia," akasema. "Bado. Leteni makaa."

Yakaletwa, tukafunika, tukavuta vigoda, tukakaa tukaingoja pilau ikolee.